Kwa wewe unayeanza zamu mapokezi ya dharura: mgonjwa wa kiharusi

Mdogo wangu, mgonjwa wa kiharusi haji mwenyewe. Analetwa. Ndugu wanamshusha kwenye bajaji, mkono mmoja unaning'inia, na papo hapo wanaanza kusimulia: karogwa, kapigwa na upepo mbaya, jana aligombana na jirani. Wasikilize kwa adabu, ila swali lako la kwanza liwe hili: mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?

Si saa waliyomkuta. Mama aliyelala salama saa 3 usiku, akakutwa saa 12 asubuhi hawezi kuinuka, saa yake ni 3 usiku. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kabla ya kupita saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na hospitali zenye dawa hiyo ni chache. Hata kwenu isipokuwepo, andika saa hiyo kwenye faili kabla aliyemleta hajaondoka kwenda kulipia kadi, maana hutampata tena.

Mwambie mgonjwa aonyeshe meno, anyooshe mikono yote miwili huku amefumba macho, arudie sentensi fupi. Kimoja kikigoma, mwite daktari. Wapo pia wanaoanza na kizunguzungu na kupepesuka, giza la ghafla machoni, au kichwa kuuma ghafla kuliko walivyowahi kuumwa. Hao ndio wanaoachwa kwenye benchi.

Pima sukari hapo hapo. Sukari ikishuka sana, mtu anaweza kupooza upande mmoja kama mwenye kiharusi, na akipewa glukosi akainuka. Kipimo cha dakika moja, na bado kinasahauliwa.

Sasa dawa. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka. Cha kuziba ndicho kingi, lakini kwetu Afrika cha kupasuka kina fungu kubwa kuliko Ulaya, kwa sababu presha za watu wengi hazijulikani wala hazitibiwi. Kwa macho hakuna anayeweza kuvitenganisha, hata daktari bingwa. Ni kazi ya CT-Scan, mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Aspirini inayomfaa wa kwanza inaweza kumzidishia wa pili kuvuja damu, kwa hiyo usimpe kabla ya picha.

Presha utaikuta 200 kwa 110 na mkono utakuwasha umwekee kidonge chini ya ulimi. Acha. Mshipa ukiwa umeziba, presha hiyo ndiyo inayosukuma damu kidogo kufika pembeni mwa sehemu iliyoumia. Ukiiporomosha, hata kilichokuwa kinaweza kupona kinakufa. Toa taarifa, daktari aamue.

Ndugu watataka kumnywesha uji. Wakatalie mpaka apimwe kumeza. Uji ukiingia mapafuni huleta nimonia, nayo huua waliokwisha kuponea kiharusi chenyewe.

Aliyepooza dakika 20 kisha akarejea mzima, akacheka na kuomba aende nyumbani, ndiye wa kumng'ang'ania. Kiharusi cha kupita huweza kufuatwa na kikubwa, hasa ndani ya siku 2 za kwanza. Apimwe presha na sukari, na afanyiwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kwa kuwa moyo unaodunda bila mpangilio hurusha mabonge ya damu hadi kichwani. Akiwa kijana, uliza selimundu, VVU na ugonjwa wa moyo wa utotoni. Asitoke getini kabla daktari hajamwona.