Kabla ya Kubadilisha Betri ya UPS, Tafuta Chanzo cha Joto

Wewe unayeanza ufundi utaletewa mara nyingi UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme ule wa ukutani unapokatika, ambayo huzimika papo hapo umeme ukikatika, na ukiifungua utakuta betri imevimba. Usiweke mpya na kumrudishia mwenyewe kabla hujajua iliyotangulia ilikufa kwa nini, kwani kilichoiua huenda bado kimo humo ndani.

Betri za UPS ndogo kwa kawaida ni za risasi na asidi, zilizofungwa, na hukadiriwa kudumu miaka 3 hadi 5 zikikaa kwenye nyuzijoto 20 hadi 25. Joto likizidi hapo kwa nyuzi 8 hadi 10, umri huo hupungua kwa takriban nusu. Katika ofisi ya Dar es Salaam mwezi Februari, kiyoyozi kikizimwa jioni na UPS ikiwa imesukumwa ukutani huku matundu yake yamezibwa na vumbi, betri haina namna ya kupoa.

Chaja ndiyo ninayosisitiza zaidi, kwa kuwa mafundi wengi huiruka. Betri ya volti 12 iliyojaa hushikiliwa kwenye volti 13.5 hadi 13.8 ikiwa na nyuzijoto 25, na kiwango hicho kinapaswa kushuka joto linapopanda, jambo ambalo chaja nyingi za bei nafuu hazilifanyi. Betri yenye joto hupokea mkondo mkubwa zaidi, mkondo huo huongeza joto, na hali hiyo ikiendelea betri huvimba au hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Ukiisikia harufu hiyo, kata umeme, fungua madirisha na uondoke mpaka ipoe, vipimo vitasubiri.

Betri zikiwa mbili kwa mfululizo, pima kila moja peke yake wakati wa kuchaji, kwa sababu jumla ya volti 27.3 inaonekana salama hata pale ambapo moja inapata 14.5 na nyingine 12.8. Ndiyo maana sikubali kuchanganya kuukuu na mpya, hata mteja akilalamikia gharama. Shika vyuma vya mita kwa uangalifu, kwani katika baadhi ya UPS ncha za betri hazijatenganishwa na umeme wa ukutani.

Betri iliyovimba usiitoe kwa kuipigapiga. Fungua kasha la UPS kwanza. Kisha funika ncha zake kwa utepe na uipeleke kwa wanaokusanya betri chakavu.