Je, nichome msalaba alioniachia mama?

SWALI: Mchungaji, marehemu mama yangu alikuwa Mkatoliki. Aliniachia msalaba wake wenye sanamu ya Yesu, na rozari. Mimi ni Mlutheri. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema vitu hivyo vinaita mapepo, nivichome. Usiku huushika ule msalaba nikalia. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada yangu. Usichome.

Swali lako limeniuma, kwa sababu fundisho hilo linaingia kwetu kwa jina la bidii ya imani, nalo si la Kilutheri hata kidogo. Mwanzoni mwa 1522, Martin Luther, mwanamatengenezo ambaye kanisa letu limepewa jina lake, akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg, mwenzake Andreas Karlstadt alichochea sanamu ziondolewe makanisani Wittenberg, mji wao huko Ujerumani, na watu wakaanza kuzivunja. Luther alirudi, na kuanzia Machi 9 akahubiri siku nane mfululizo. Hakuwa mpenzi wa sanamu. Alisema ingekuwa heri zisiwepo. Alichokataa ni shuruti, yaani kulifanya kuwa sharti jambo ambalo Mungu ameliacha huru. Watu wameabudu jua na nyota, alisema. Je, tuzing'oe mbinguni? Mwaka 1525 akaandika kwamba kila asikiapo habari za Kristo, moyoni mwake hujichora mtu aliyetundikwa msalabani. Kama picha hiyo si dhambi moyoni, itakuwaje dhambi machoni?

Utatajiwa mfalme Hezekia, aliyemvunja nyoka wa shaba (2 Wafalme 18:4). Mwambie kiongozi wako asome mstari wote: Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Kabla ya hapo nyoka yule alikaa karne nyingi, na aliyeagiza atengenezwe ni Mungu mwenyewe. Tena Paulo anasema "sanamu si kitu katika ulimwengu" (1 Wakorintho 8:4). Anayedai kipande cha mti kinaita mapepo amekipa nguvu zilezile anazokipa yule anayekivaa kama hirizi.

Kwa hiyo ukiona huwezi kusali bila kuushika msalaba huo, uweke kabatini kwa muda. Rozari mpe ndugu Mkatoliki atakayeitumia, au itunze.

Lakini kulilia kitu kilichoshikwa na mkono wa mama si ibada ya sanamu. Ni majonzi, na Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro. Usilie peke yako usiku. Mwendee mchungaji wako, umsimulie mama yako alivyokuwa, alivyosali, alivyokulea. Hayo ndiyo kikundi chako kilipaswa kukuuliza kabla ya kukuletea kiberiti.