Wakifika wachunguzi wa njama za bei, simu usiiguse

Ilikuwa saa mbili na dakika chache asubuhi mteja aliponipigia, akinong'ona. Maafisa wa Mamlaka ya Ushindani walikuwa mapokezi, ofisini kwake Eneo la Viwanda, Nairobi, naye alikuwa amejifungia chooni. "Wakili, kile kikundi nimeshakifuta," akaniambia, kama anayenipa habari njema.

Kesi yetu iliharibikia chooni. Kikundi hicho cha WhatsApp kilikuwa na watu saba wa kampuni zinazoshindana, na simu sita zilizobaki zilikuwa nacho kizima. Nilipokuja kuyasoma mazungumzo yale, niliona yanateteeka. Wengi walikuwa wanalalamikia dola na ushuru, mmoja akatuma orodha ya bei zake mpya, mteja wangu akajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba kina mjadala: kinaweza kuwa "nimekubali", kinaweza kuwa "nimeona" tu. Kufuta hakuna mjadala. Anayefuta huku maafisa wako mlangoni amejishuhudia mwenyewe, tena kuvuruga uchunguzi ni balaa jingine juu ya lile la kwanza.

Wengi wanaokuja kwangu hudhani haya ni mambo ya leseni, unalipa kidogo unaendelea na biashara. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinataja jela hadi miaka 5, au faini hadi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Kando ya hapo, Mamlaka inaweza kuitoza kampuni hadi asilimia 10 ya mauzo yake nchini ya mwaka uliotangulia. Agosti 2023 watengenezaji 9 wa chuma walitozwa jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei pamoja. Tangu hapo wakurugenzi hupokea simu zangu upesi.

Basi wakibisha hodi, karani wa mapokezi awe na namba ya wakili tayari. Aombe vitambulisho na barua ya idhini, apige nakala. Kila afisa afuatane na mtu wenu mmoja mwenye daftari, aandike kila faili linalochukuliwa na kila kompyuta inayonakiliwa. Usiwazuie. Lakini maelezo yanaweza kungoja wakili, na hapa ndipo watu huteleza, hasa chai ikishaletwa. Nimeona meneja akiropoka kwa kikombe kimoja mambo ambayo hayakuwa kwenye faili lolote.

Kosa langu mwenyewe nalo nilitaje. Miaka ya mwanzo nilikubali kuitetea kampuni pamoja na meneja wake wa mauzo. Walikuwa ndugu moja, hadi kampuni ilipoona nafuu yake ni kusema meneja alijipangia peke yake. Ilibidi niwaache wote wawili, nikiwa nimeshajua siri za wote wawili. Siku hizi swali langu la kwanza ni: nani analipa, na nani anaweza kufungwa? Wakiwa tofauti, kila mmoja awe na wakili wake.

Halafu kuna msamaha wa kifungu cha 89A, kwa anayejitokeza mwenyewe kueleza njama aliyokuwamo. Hapo ni mbio. Bodi ikikaa wiki mbili ikishauriana, mwenzenu ameshafika. Ila msamaha hutoka kwa Mamlaka, na kushtaki ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, nataka iandikwe msamaha unamfunika nani: kampuni tu, au na watu wake?

Na si kila bei zinazofanana ni njama. Malighafi ikipanda kwa wote, bei zitapanda kwa wote. Mimi hukaa na mhasibu, tunapanga tarehe ya kila ankara ya mzigo kando ya tarehe ya kila badiliko la bei. Bei ikifuata gharama, nina utetezi. Nikikuta orodha ya mshindani ya "kuanzia tarehe 1" iliingia kwenye simu yako tarehe 24, tunazungumza mengine.

Yule wa chooni tulimaliza kwa suluhu, akalipa. Sasa akienda kikao cha chama cha wenye viwanda, mazungumzo yakigeukia bei huinuka, akaomba kumbukumbu zionyeshe ametoka saa ngapi.