Nyutrino za anga za mbali: zinakotoka
Wapo wanaosema kwamba nyutrino za anga za mbali (chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu) hazijawahi kutajiwa hata chanzo kimoja. Hapana, si kweli. Kuna galaksi mbili zenye ushahidi mzuri. Ya kwanza ni TXS 0506+056, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 4. Tarehe 22 Septemba 2017 kituo cha IceCube, ambacho vihisi vyake vimezikwa ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini, kilinasa nyutrino moja yenye nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) trilioni 290 hivi. Fermi, darubini ya miale ya gama iliyo angani, ikakuta galaksi hiyo, upande uleule, inang'aa kwa miale ya gama kuliko kawaida. Wanasayansi wa IceCube walipopekua kumbukumbu za nyuma, wakaona kundi la nyutrino kutoka upande huo la mwaka 2014 hadi 2015.

Ya pili, NGC 1068, ndiyo ninayoiamini zaidi: mwaka 2022 walitangaza nyutrino 79 hivi juu ya zile zinazotarajiwa kwa bahati tu. Hiyo iko karibu, kama miaka ya nuru milioni 47 (karibu kwa hesabu za anga, jamani).

Kufuatilia kunawezekana kwa sababu nyutrino haina chaji, basi sumaku za angani haziipindi. Inakuja moja kwa moja. Protoni, chembe yenye chaji, hupindishwa njiani kote.

Ila tangazo la 2022 la NGC 1068 lilikuwa na sigma 4.2 (sigma ni kipimo cha uhakika kwamba jambo si bahati tu), na wanafizikia hudai 5 kabla ya kusema "tumegundua". Tena nyutrino nyingi za aina hii bado hazina mwenyewe, yaani chanzo chake hakijajulikana.