Kizuri chajiuza? Labda viazi, siyo riwaya

Mkuu, umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo: riwaya yako ya kwanza imeisha, upo Iringa, hujui uanzie wapi kuitoa, na unaona soni kuitangaza kwa sababu "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Umebandika na jalada tulione. Mimi nipo Mbeya, nina riwaya sokoni, nakujibu kwa niliyoyapitia.

Nianze na hiyo methali maana ndiyo inayotumaliza. Viazi vya Uporoto mnunuzi anavishika, anavigeuza, anajua anachukua nini. Riwaya imefungwa. Utamu wake haujulikani mpaka mtu aonjeshwe, na wa kumwonjesha ni wewe. Wachapishaji wakubwa wa Dar wenyewe wanazunguka na vitabu vyao kwenye maonesho, sembuse sisi ambao hata jirani hajui kama tunaandika.

Mimi nilianzia Facebook. Kipande kila jioni, nakata pale panapouma, "itaendelea". Siyo mbinu mpya, magazeti yetu yamelea hadithi hivyohivyo miaka na miaka. Wasomaji wakishanogewa wanaanza kudai: "mwandishi umelala?", "leta mzigo". Hapo unafungua kundi la WhatsApp, na wasiotaka kusubiri wanakutumia elfu moja au mbili kwa simu wapate yote. Usiidharau hiyo elfu moja. Ndugu na marafiki watakupa hongera na kuomba kopi ya bure (usiwanunie, ndivyo walivyo). Ila siku mtu usiyemjua, yupo Sumbawanga huko, anapotuma hela yake asome ulichotunga wewe, hiyo ndiyo hatua. Mimi naiweka juu ya ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu.

PDF itavuja, jua hilo mapema. Nilichofanya ni kuweka jina langu na namba ya simu chini ya kila ukurasa. Anayeisambaza kwa wizi ananitangaza, na wapo waliosoma ya wizi wakanitafuta kununua inayofuata.

Lakini usiimwage yote mtandaoni kabla hujafikiria tuzo. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania tangu 2022, na riwaya zinashindanishwa. Ipo pia ile ya Kiswahili ya Safal-Cornell iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti yao kuhusu kazi ambayo imeshatoka, ndipo uamue ni vipande vingapi vya kurusha bure.

Makaratasi sasa. ISBN unaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Vitabu vyetu vingi utaona namba inaanza na 978-9976 au 978-9987. Inakitambulisha kitabu tu, haikupi hakimiliki kama wengi wanavyodhani. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, kwa sheria ya 1999, na inakaa maisha yako yote pamoja na miaka 50 baada ya kufa. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unakwenda kusajili ili siku ya ugomvi uwe na cha kuonesha. Ukiwa na ndoto ya kuuza mashuleni kama kitabu cha ziada, hapo kuna ithibati ya serikali, ni safari nyingine kabisa. Usianze nayo.

Uchapaji ndiko hela inakozama. Kiwandani watakuambia kopi 1,000 bei inashuka sana kwa kila moja, na hawakudanganyi: kwenye mashine za ofseti, zile za kuchapa kwa wingi, pleti za kuchapia ni zilezile hata ukichapa kopi chache, kwa hiyo gharama yake inagawanyika. Ila kopi mia nane zilizolala uvunguni mwa kitanda hazina unafuu wowote. Chapa chache kwa mashine ya dijitali, ulipe zaidi kidogo kwa kila kopi. Zikiisha, unarekebisha makosa na kuchapa tena, na "toleo la pili" nayo ni habari ya kutangaza. Mzigo ukija na basi kutoka Dar, hakikisha boksi limefungwa nailoni ndani. Mvua za huku unazijua.

Maduka ya vitabu na steshenari yatataka mali kauli, yaani wakulipe wakishauza. Kuna moja, silitaji, lilichukua kopi zangu na mpaka leo ni "njoo mwisho wa mwezi". Tangu hapo naacha kopi tano tu kwa duka, kwa maandishi na sahihi, na sileti nyingine mpaka hizo zilipwe. Mwenye duka akinuna, basi.

Kopi zangu nyingi zimetoka mkononi. Kuna mama fundi cherehani pale Mwanjelwa, nilikuwa nimepeleka suruali ipunguzwe. Nikampa kitabu, nikamwambia fungua popote usome. Akaangukia pale Tumpe, mhusika wangu, anaposhuka kwenye basi Tukuyu na ndoo ya samaki wa Matema, mvua inamwaga, na mume ambaye Tumpe amekuja kumfuata keshahama. Akasoma kwa sauti. Cherehani ya jirani yake ikasimama.

"Huyu Tumpe namfahamu," akasema. "Si kaolewa Busokelo?"

Nikamwambia mama, nimemtunga mwenyewe kichwani. Akanikatalia katakata, akanitajia mpaka ukoo. Akanunua, na yule wa cherehani ya jirani akachukua namba yangu.

Ndiyo maana nakuambia hiyo soni yako ina dawa: usijizungumzie wewe. Ukiandika "mimi mwandishi mahiri nawaletea riwaya kabambe", hata mimi napita bila kusoma. Ukiandika kwamba Tumpe kashuka Tukuyu na ndoo ya samaki na nyumba imefungwa kufuli, watu watauliza ikawaje. Kila hatua unayopiga, iwe umepata ISBN, jalada limekamilika, au boksi la kwanza limeshuka stendi, itangaze, lakini ifunge na kipande cha hadithi. Wanaokufuata hawana haja na ISBN yako, wana haja na Tumpe.

Uzinduzi wenye ukumbi, keki na mgeni rasmi mimi sikufanya na sikushauri kwa kitabu cha kwanza. Nimehudhuria ya wenzangu. Watu wanakula, wanapiga picha na mheshimiwa, kitabu kinanunuliwa na wajomba. Hela ya ukumbi ikakuchapie kopi. Kwako Iringa nenda vyuoni, Mkwawa pale na Chuo Kikuu cha Iringa, zungumza na viongozi wa wanafunzi, omba nusu saa uwasomee sura moja. Agosti panda huku Uyole kwenye Nane Nane, uwanja wa John Mwakangale unajaa watu wa nyanda zote za juu kusini. Sio wote wamekuja kuangalia mbegu na matrekta.

Kuhusu jalada ulilobandika: picha nzuri, rangi zimetulia. Ila jina lako limekuwa kubwa kuliko jina la riwaya, na picha yako ya suti ya nini pale mbele? Bado hatukujui, mkuu. Kuza jina la riwaya, suti ihamie nyuma, halafu libandike tena hapa kabla hujalipeleka kiwandani.