Stoo inasema 40, kaunta inasema 52: nani mkweli?

SWALI: Salamu ndugu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia upande wa Uganda, na tawi dogo Tororo ambalo anasimamia mdogo wangu. Kaunta ina kompyuta na programu ya kuuzia, kijana wa stoo anaandika kwenye kaunta buku, mhasibu anakuja Ijumaa na laptopu yake ana Excel yake, alafu usiku tunaingiza EFRIS, ule mfumo wa ankara wa URA, mamlaka ya mapato, kwa tovuti. Juzi nimefuatilia bati nyekundu geji 28, daftari la stoo linasema 40, kaunta inasema 52, nimeingia stoo kuhesabu kwa mkono zipo 46. Mke wangu anasema kijana anaiba. Kuna mtu wa Kampala anataka kuniuzia mfumo mmoja mkubwa unaofanya kila kitu. Ninunue? Na kijana nimfukuze? — Mwenye duka, Busia

JIBU: Mzee wangu, kijana mwache kwanza. Daftari lake linasema 40 na bati zipo 46, sasa huyo ni mwizi gani anaiba alafu anakuachia sita za ziada? Najua utasema labda ameziandika zimetoka ili aje azichukue baadaye, sawa, inawezekana, nimewahi kuona. Ndo maana nilikuomba picha za zile kurasa kwa WhatsApp, tukakaa kwenye simu karibu saa nzima mstari kwa mstari, na kwa ruhusa yako nawaeleza wenzetu tulichokuta.

Tuanze na 52 za kaunta, ambazo ni baada ya mauzo yote ya wiki kutolewa. Jumatano zikatoka bati 12 kwenda Tororo kwa mdogo wako. Kaunta haikujua kitu, kwa sababu kaunta inajua kuuza tu, na kupeleka mzigo tawini si kuuza, hakuna aliyelipa, hakuna risiti, kwa hiyo kwa kompyuta zile bati bado ziko Busia. Toa 12, zinabaki 40. Alafu Alhamisi akaja mteja, akalipa bati 6, kaunta ikazitoa, kijana wa stoo naye akaona risiti akaandika zimetoka, lakini mteja akasema niwekeeni mpaka Jumamosi nipate gari. Zimesimama pale ukutani hazina hata alama. 40 ongeza 6, hizo hapo 46 zako ulizohesabu.

Kwa hiyo bati unazoweza kuuza ni 40, na aliyekuwa sahihi peke yake ni yule kijana mwenye kalamu. Mwambie mama watoto.

Tatizo hapo si kompyuta kukosea. Kaunta ilijibu vizuri swali lake, yaani tumeuza nini na kwa bei gani. Stoo ilijibu lake, nini kimetoka. Mhasibu anajibu la pesa. Kila idara ina mfumo wake na kila mmoja unaona kipande, sasa ukienda kuuliza kaunta swali la stoo itakujibu tu, tena kwa namba safi yenye kujiamini, na itakuwa uongo. Wanaoshughulika na mambo haya wana neno "muamala" kwa kila tukio linalobadilisha hesabu, na watu wakilisikia wanafikiria pesa peke yake. Bati 12 kupanda gari ya Tororo ni muamala. Mteja kulipa na kuacha mzigo ni muamala. Bati kupinda zikashushwa bei, muamala. Wewe ulikuwa na karatasi ya kuuza tu, hayo mengine yote yalikuwa yanapita hewani kwa mdomo na simu.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: kitabu cha kuhamisha mzigo chenye nakala mbili, moja inapanda gari, mdogo wako anasaini alichopokea na si alichoambiwa, na siku hiyohiyo mtu wa kaunta anaingiza. Programu nyingi za kuuzia zina sehemu ya matawi ila huwa haijafunguliwa, muulize aliyekuuzia. Na mzigo uliolipiwa haujachukuliwa uwe na kona yake na karatasi yenye namba ya risiti.

Dawa ya pili ni ngumu zaidi, na ndo hiyo watu wanaikimbia wanaenda kununua mfumo. Ni majina. Kwenye picha zako kaunta ina "Bati G28 R", stoo ina "mabati mekundu 28", mhasibu ana "Bati nyekundu", yeye hata geji haweki. Sisi tunajua ni kitu kimoja kwa sababu tuna macho, kompyuta haina. Na misumari ndo balaa kabisa, unanunua kwa katoni, stoo inatoa kwa katoni, kaunta inauza kwa kilo na robo kilo, sasa stoo inaandika imetoka 1 na kaunta inaandika imeuza 25 na wote wako sawa! Mpaka mtu akae chini aandike katoni moja ni kilo ngapi, hizo namba hazitakutana milele.

Uzuri ni kwamba kazi hiyo nusu umeshaifanya bila kujua. EFRIS, ile ya URA ambayo ilianza kudaiwa kisheria Januari 2021, haikuachii uuze bidhaa ambayo hujaisajili, unaipa namba yake, unachagua kundi lake, unataja kipimo chake, na mzigo usipouingiza kwenye stoki ya EFRIS ukijaribu kuutolea ankara inakataa. Najua wengi tunaichukia, wenzetu wa Kampala walifunga maduka kwa ajili yake Aprili 2024, na mimi siisemei URA hapa. Lakini ile orodha ya bidhaa uliyoijaza kwa hasira ndo orodha bora uliyo nayo. Ichape, ibandike stoo, mpe mhasibu, na namba zilezile ziingie kwenye programu ya kaunta. Bati hiyo iwe na namba moja Busia, Tororo na kwa URA.

Ukimaliza hapo ndo tuongelee kununua. Hivi sasa kitu kimoja unakiandika mara nne, kaunta, stoo, Excel, EFRIS usiku mkiwa mmechoka. Mfumo ulioungana maana yake unaandika mara moja, pale kaunta, na wengine wanasoma: stoo inaona cha kutoa, mhasibu anaona mapato na ile asilimia 18 ya VAT imeshatengwa, na ankara inaenda URA yenyewe kwa sababu EFRIS inaruhusu mfumo wa duka kuunganishwa moja kwa moja badala ya kujaza tovuti kwa mkono. Muulize huyo mtu wa Kampala akuonyeshe, si akuambie, akuonyeshe kwa kompyuta: kuhamisha bati 12 kwenda tawini, kupokea malipo mzigo ukabaki, katoni kuvunjwa kuwa kilo, na ankara ikitoka na namba yake ya URA na ile alama ya mraba ya kuskani. Akianza kusema hiyo tutakuongezea baadaye, mpe soda aende.

Na usianze msimu wa kiangazi watu wanapojenga. Kampuni ya chokoleti ya Hershey huko Marekani mwaka 1999 iliwasha mfumo mpya mkubwa katikati ya mwaka, kabla tu ya Halloween ambayo kwao ndo msimu wa peremende, na ikashindwa kupeleka oda za zaidi ya dola milioni 100, mzigo upo ghalani ila mfumo hauuoni. Hao ni watu wenye mahela. Mimi mwenyewe zamani nilikuwa karani wa stoo kwa muuzaji wa jumla mmoja Kampala, idara ya mauzo ilikuwa na orodha yake, tukauza mifuko ileile ya saruji kwa watu wawili asubuhi moja, malori mawili yamepaki nje, na mimi nimesimama katikati na funguo. Sikula siku hiyo.

SWALI: Mimi ni mzazi Arua. Nimelipa ada Jumamosi kwa simu, meseji ya kuthibitisha ninayo, Jumatatu mtoto kazuiwa mlangoni na kurudishwa nyumbani kwa bodaboda, wanasema jina halipo. Shule inasema ni kompyuta. Kompyuta inawezaje kusahau?

JIBU: Pole sana dada yangu. Kompyuta haikusahau, karatasi ndo imesahau. Pesa yako Jumamosi iliingia palepale, kwa simu muamala unakamilika ule muda unaposoma meseji. Lakini yule askari wa getini hana kompyuta, ana orodha iliyochapwa, na naweza kubeti ilichapwa Ijumaa jioni kabla bursa, mtunza pesa wa shule, hajaondoka. Kuna kazi zinazofanyika papo hapo na kuna kazi zinazosubiriana zikafanywa kwa mkupuo, kama mishahara, kama PAYE, ile kodi ya mshahara, na michango ya NSSF ya uzeeni ambazo mwajiri anazipeleka mara moja kwa mwezi, mwisho tarehe 15, na hakuna ubaya, mshahara hauhitaji kuhesabiwa kila dakika. Ubaya ni kumfanyia mtoto uamuzi wa Jumatatu kwa mkupuo wa Ijumaa.

Sababu nyingine ya kuangalia ni ile namba ya malipo ya mwanafunzi. Kama ulilipa ukaandika jina tu, pesa iko akaunti ya shule lakini haina mwenyewe, inasubiri mtu aitambue kwa macho, na kwa Kiswahili chetu na Kilugbara jina moja linaandikwa njia tatu. Nenda na meseji, waonyeshe namba ya muamala, si jina, wala si kiasi kwa sababu watoto hamsini wamelipa kiasi hichohicho. Na kwenye kikao cha wazazi uliza kwa nini askari asipewe simu ya kuangalia orodha ya leo.

SWALI: Nikituma pesa alafu mtandao ukatike katikati, pesa inaweza kutoka kwangu isifike? Nauza rolex, chapati ya mayai, hapa Wandegeya, wateja wananisumbua sana na hii.

JIBU: Kaka, mifumo ya pesa inajengwa kwa sheria moja, yote au hakuna. Kutoa kwa huyu na kumwekea yule ni kitu kimoja, kikikatika katikati mfumo unarudisha nyuma kama hakikutokea. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Kijerumani, Härder na Reuter, waliiweka sheria hii pamoja na nyingine tatu wakazipa kifupi ACID, na hii ya yote au hakuna ndo herufi ya kwanza. Kinachokatika mara nyingi ni meseji, si pesa. Kwa hiyo mteja akikuonyesha meseji kwenye simu yake usigeuze chapati, meseji hata mtoto anaweza kuiandika. Angalia salio lako mwenyewe au orodha ya miamala kwenye laini yako. Ipo, mpe rolex. Haipo, mayai yasubiri.