Mnunuzi wa Mbali Asiwe Mmoja

Mwaka wa korona, magunia 18 ya mwani yalilala chumbani kwa mama, na mama akalala ukumbini. Mwani mkavu una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Kila asubuhi sakafu ilikuwa inatoka jasho, na bawaba za mlango zikashika kutu. Kampuni iliyokuwa ikinunua kwetu Kiuyu, Pemba, niiache bila jina, ilisema ghala limejaa na meli hazipakii.

Mwengine wa kumuuzia hatukuwa naye. Kamba za kupandia mwani baharini tulipewa na kampuni hiyo, na sharti lilikuwa moja: aliyekupa kamba ndiye umuuzie. Siku tuliyogaiwa tulipiga vigelegele, kumbe tunafungwa.

Na ningekuwa na masikio, ningelisikia somo hilo kwa baba. Alikuwa na mikarafuu Mtambwe enzi ambazo Indonesia ilinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zao za kretek. Wakapanda mikarafuu yao, miaka ya 1980 wakajitosheleza, bei ikaanguka. Baba alikuwa akisema, "Hakugombana na sisi, hakutuaga. Kapanda miti tu."

Sasa nawaambia shoga zangu wa mwani nilivyofanya mimi. Yule mnunuzi wa zamani sikumwacha. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ila kikundi tulivunja sanduku la hisa tukanunua kamba zetu wenyewe, 30 kwa kuanzia. Za kampuni zikabaki zake, na mwani wake anaupata. Unaotoka kwenye kamba zetu tunausaga, tunatengeneza sabuni.

Halafu nikatafuta watu wawili wa mbali, si mmoja. Mwanza nilipata dada mwenye duka la vipodozi, kwa njia ya mtoto wa jirani anayesoma huko. Maskati nina binti ami. Nilichoangalia zaidi ni miezi yao mibaya. Maskati, Juni hadi Agosti, joto linawafukuza watu na duka linalala. Mwanza habari hiyo hawana. Huku kwetu masika mwani haukauki, basi unga wa kupitisha masika tunausaga mapema.

Mzigo wa kwanza wa Mwanza ulinitia aibu. Vipande 200, nilivikata na kuvifunga nailoni vikiwa na siku 9 tu, kwa haraka ya kuona pesa. Vilifika vimelainika, vimegandana kama haluwa. Dada wa watu hakutukana, alinitumia picha tu. Nikamrudishia nusu ya pesa. Siku hizi sabuni inakaa juu ya chaga wiki 5 ndipo tunaifunga, na tunafunga kwa karatasi.

Mweleze pia kazi yako ilivyo. Huyu wa Mwanza alikuwa akiniagiza wakati wa maji mafu, bahari haipwi vya kutosha kufika shambani kwenye mwani, akinuna nikimwambia asubiri. Si kosa lake, ziwa lake halipwi wala halijai. Nilimfundisha habari ya bamvua, siku bahari inapopwa sana, sasa ananiuliza mwenyewe, "Maji yanatoka lini?"

Kwenye pesa nina sheria moja: nusu inaingia kabla boksi halijapanda boti Mkoani. Kwa mgeni ni rahisi kusema hivyo. Kwa binti ami nilikaa miezi nikimpelekea kwa mkopo, kwa sababu ya muhali, ile haya ya kumkatalia jamaa. Muhali huu umeua biashara nyingi Pemba kuliko mvua. Mwishowe nilimwambia, akanuna Ramadhani nzima, kisha akalipa. (Alitaka na karafuu kilo 20 nimfichie ndani ya boksi la sabuni. Nikamwambia, mwanangu, karafuu kwa sheria anayenunua ni ZSTC, shirika la serikali, peke yake, mimi jela sitaki.)

Mwezi uliopita dada wa Mwanza kapiga simu. Anataka sabuni yote, kila mwezi, bei anaongeza, ila tusimuuzie mtu mwengine. Wenzangu wawili walishaanza kupiga hesabu za mabati. Sikubishana nao. Niliwachukua nikawaingiza chumbani kwa mama, nikafunga mlango, nikawaambia wanuse.